Niliziba Ufa, Nikajenga Ukuta

Methali twaijua sote: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi niliziba. Niliuziba mapema, kwa simiti nzuri, kwa fedha yangu mwenyewe, na ukuta nikaujenga vilevile. Waliotuachia methali hiyo hawakutaja ufa uzibwe kwa kitu gani. Nadhani hawakuona haja. Wakati wao hapakuwa na cha kuzibia ila chokaa.

Nyumba iko Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachotazamana na Manda, pale vilima vya mchanga vinapoanzia. Ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Yeye aliipata kwa babake alipoolewa, kama ilivyo ada ya kule: binti hupewa nyumba, au huongezewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ikaja kwa mama. Mama alipofariki tukabaki nayo ndugu wanne, wote tukiishi Mombasa, wala hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyejua inasimamaje. Tuliijua kwa kulala tu, wakati wa likizo za shule.

Ukipita kichochoroni huoni lolote la kukusimamisha. Ukuta mrefu uliopauka, usio na dirisha upande wa njia. Mlango wa mbao wenye mfaa wa nakshi. Mbele ya mlango pana daka, kijibaraza chenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana, anapoketi mgeni hadi ijulikane amekuja kwa nani. Ukivuka mlango bado hujaingia nyumbani. Uko tekani, kiukumbi cha kuingilia, na tekani imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiachwa wazi. Halafu kiwanda, ua usio na paa, na hapo ndipo unapopata mwanga na hewa. Upande wa kiwanda kuna chumba kirefu kiitwacho msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, nyuma yake ndani, na mwisho kabisa nyumba kati. Hiyo tini na yuu, yaani chini na juu kwa Kiswahili cha kule, si ghorofa. Sakafu ya kila chumba imeinuliwa kidogo kupita ya kile kilichotangulia, kwa hiyo ukizidi kuingia wazidi kupanda. Bibi alilala ndani. Sikumbuki kumwona mwanamume asiye wa nyumba ile akivuka msana wa yuu.

Ukuta wa nyuma wa kile chumba cha ndani umejaa zidaka: vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake. Chumba chenyewe hakina dirisha. Mwanga hufika pale umeshachoka, umepita kiwandani na misana miwili, na ukigusa zidaka hugawanyika vivuli vidogo vidogo hadi ukuta uonekane una kina kuliko ulivyo. Utotoni niliamini kuna chumba kingine nyuma yake. Niliwahi kutia mkono mmoja baada ya mwingine kutafuta tundu la kupitia, nikaangusha kikombe cha bibi cha kaure. Nilipata nilichostahili.

Swali moja nilikuwa nalo tangu utoto, nalo halikupata jibu hadi nywele zilipoanza kuniota mvi: kwa nini vyumba vyote ni vyembamba hivi? Urefu wake ni wa ukumbi, mita nane au zaidi, lakini upana ni mita mbili na nusu na kidogo tu. Ukinyoosha mikono na mwenzako akanyoosha yake, mmemaliza chumba. Nilidhani ni umaskini wa kiwanja. Kumbe ni mkoko. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka, yenye unene wa kubeba uzito ule, haina urefu wa kuvuka zaidi ya hapo. Mwenye mali nyingi aliweza kurefusha chumba apendavyo kwa kuongeza boriti ubavuni, ila kukipanua hakuweza. Ndiyo maana nyumba ya tajiri wa Lamu wa miaka 200 iliyopita na nyumba ya jirani yake wa kadiri zina upana ule ule wa chumba. Wanachozidiana ni idadi ya vyumba, nakshi na zidaka.

Na juu ya yote haya, makuti. Wageni hushangaa. Nyumba ya mawe yenye kuta nene kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, yenye sakafu ya chokaa juu ambayo peke yake ni paa tosha, kisha imevikwa makuti kama kibanda cha shamba! Mimi pia nilishangaa, na kwa kuwa nilishangaa bila kuuliza, nikafanya nilichofanya.

Mwaka 2012 makuti yalikuwa yamekwisha. Yalikuwa meusi, mepesi, na kunguru walikuwa wakichomoa nyuzi za kujengea viota. Ndugu yangu mkubwa akapiga simu, na hesabu zake zilikuwa tayari: kila miaka sita au saba tunalipia makuti, tuyaondoe, tupige simiti juu, tumalize kazi, tena tupate na mahali pa kukaa jioni kuitazama Manda. Sote tulikubali kwa siku moja. Jambo lolote ambalo ndugu wanne hukubaliana kwa siku moja lingepaswa kututia shaka.

Nilipewa mimi kusimamia. Nilikuja na fundi kutoka Mombasa, kijana hodari aliyejua kazi ya maghorofa. Tukaezua makuti. Tukamwaga zege juu ya sakafu ya zamani, na juu yake lipu laini. Chini, kuta za kiwanda zilikuwa zikimwaga unga mweupe na chokaa ikibanduka mpaka kimo cha goti, na palikuwa na ufa mrefu karibu na mlango wa choo. Tukabandua chokaa yote ile dhaifu, tukapiga lipu ya simiti kuanzia chini hadi kifuani. Ufa ukazibwa. Kuta zikawa nyoofu, kavu, ngumu. Ukigonga unasikia ulichonunua.

Jirani, bi mkubwa aliyekuwa rafiki wa bibi, alisimama mlangoni siku ya mwisho akiangalia juu.

“Wanangu, nyumba mmeivua kilemba.”

“Bi, makuti ya nini tena? Mawe hayaozi.”

“Haya,” akasema. Akaenda zake.

Miaka miwili ya kwanza tulijipongeza. Jambo lililotusumbua lilikuwa joto. Usiku, vyumbani, ungedhani umelala chini ya tanuri lililozimwa magharibi. Sakafu nene ya mawe hushika jua mchana kutwa na kulitoa usiku kucha, na zamani jua hilo halikuwa likiifikia. Lilikuwa likiishia kwenye makuti, na kusi au kaskazi ikipita katikati, kati ya makuti na sakafu, ikipeperusha joto kabla halijashuka. Tukanunua feni.

Mwaka wa tatu nikaona unga mweupe umerudi. Haukuwa chini kama zamani. Ulikuwa juu ya mstari wa simiti, kimo cha bega, na mahali palipokuwa pakavu maisha yangu yote. Nikamwambia fundi kwa simu, akasema tupandishe lipu. Tukapandisha. Unga nao ukapanda. Mwaka wa tano ulikuwa umefika chini ya dari kabisa, na lile zege la juu lilikuwa na nyufa kama ramani ya mito, nyembamba, za kupita wembe. Kila nilipokwenda nilizipaka lami.

Ukuta ulianguka wakati wa masika, usiku, na kwa rehema ya Mungu hapakuwa na mtu. Si ukuta tu. Sehemu ya dari ya msana wa tini ilishuka upande wa kiwanda, ikausukuma ukuta nje kwa juu, ukalala kiwandani pamoja na mlango wa choo. Asubuhi kijana anayetuangalizia nyumba alinitumia picha. Kilichonitia uchungu katika picha ile si kifusi. Ni kwamba lipu yangu ya simiti ilikuwa imeanguka ikiwa nzima, bamba moja kubwa kama mlango, laini, halina hata ufa. Nyuma yake mawe yalikuwa yamekuwa mchanga.

Watu wa Shela walinielekeza kwa fundi mmoja mzee aliyejifunza kazi kwa babake. Alikuja na bakora na kisu kidogo cha kumenyea matunda. Hakuniuliza kitu. Alizunguka kifusi, akachagua boriti moja iliyoanguka, akauchoma kisu mwisho wake, ule uliokuwa umezikwa ukutani. Kisu kikazama hadi mpini, kama ndani ya boga lililoiva. Kisha akaigonga katikati kwa bakora. Ikalia kama chuma.

“Hii ina umri kutupita mimi na wewe tukijumlishwa,” akasema. “Boriti haifi hewani, mwanangu. Hufia ukutani.”

Akaomba kikombe cha maji. Akayamwaga kidogo kwenye ukuta mmoja wa ndani, ambao kwa bahati hatukuwa na fedha ya kuupaka simiti. Chokaa ikayanywa mara moja, pakabaki doa tu. Akamwaga kidogo kwenye lipu yangu. Maji yakateremka hadi chini yakafanya kidimbwi. Akanitazama kuona kama nimeelewa. Sikuelewa, ikabidi aseme.

Mawe haya, alisema, ni matumbawe. Yametoka baharini na yana vitundu vya kunywa maji kama sponji. Ukuta unakunywa kutoka ardhini tangu siku uliposimamishwa, na utaendelea. Hakuna mtu aliyewahi kuuzuia, na waliojenga hawakujaribu. Walichofanya ni kuuvika chokaa, ambayo nayo ina vitundu, ili maji yanayopanda yatoke mapema, chini chini, yakauke na upepo. Yanapotoka huacha chumvi, na chumvi inapojikusanya hubandua chokaa. Ule unga uliokuwa ukinikera ndio kazi yenyewe ikifanyika. Chokaa huchakaa, unaipiga tena, jiwe linabaki. Nilipouziba ukuta kwa simiti maji hayakukoma, yalikosa pa kutokea, yakapanda kutafuta. Yalipofika kwenye simiti ya pili yakapanda tena. Mwisho yakafika kwenye vichwa vya boriti, na huko juu yakakutana na mvua iliyokuwa ikipenya kwenye nyufa za zege, ambayo pia haikuwa na pa kukaukia kwa sababu juu kuna simiti. Boriti zikawa zimelowa ncha zote mbili mwaka mzima. Na juu yake nilikuwa nimeziongezea mzigo.

“Makuti walikuwa wanayaweka kwa nini?” niliuliza, nikijua jibu.

“Ili mvua isiijue sakafu.”

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala katika ule Msikiti wa Ijumaa wenye mnara wa duara, uliojengwa 1829, alinichukua hadi mjini Lamu kwa mashua, akanipeleka kwenye ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho. Nilikuwa nimewahi kuingia nikiwa mwanafunzi, nikatazama vitanda na vyungu. Safari hii sikutazama chombo hata kimoja. Alinionyesha boriti zimepangwa karibu karibu kiasi gani, na kwamba juu yake hulazwa mabamba ya matumbawe, na juu ya mabamba hushindiliwa kokoto na chokaa, tabaka baada ya tabaka, hadi unene wa shibiri mbili. Nikaanza kukisia tani zinazobebwa na miti ile, nikaacha.

Alinikumbusha pia Takwa, upande wa pili wa mlango wa bahari, magofu yaliyohamwa mwishoni mwa karne ya 17 na ambayo watu wa Shela husimulia kuwa ndiko wazee wao walikotoka. Kuta za Takwa bado zimesimama. Milango ina matao yake, msikiti una kibla chake. Hakuna dari hata moja. Nilikuwa nimeenda Takwa mara nyingi, pikiniki na mitihani ya historia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini jiwe limebaki na chumba hakipo.

Kujenga upya kulituchukua miezi kumi na minne, na sitaisimulia yote. Kubandua simiti ndiyo kazi iliyoniuma zaidi. Simiti ni ngumu kuliko jiwe ililolishikilia, kwa hiyo ukiing'oa hutoka na uso wa jiwe. Upande mmoja wa chumba cha ndani, ambapo yule fundi wa Mombasa alikuwa amepandisha lipu kidogo ili “kuimarisha”, tulipoteza safu ya chini ya zidaka. Vishubaka vitano. Fundi mzee alisema vinaweza kufinyangwa tena kwa neru, ile chokaa laini, na kwa kweli aliyafinyanga matao matano mazuri, lakini ukipitisha kidole utayajua. Yale ya zamani hayakulingana. La tatu lilikuwa limeinamia kushoto kama mtu anayesikiliza.

Na birika la choo pia. Kwenye choo cha nyumba ya mawe kuna birika la kujengwa, na wazee walikuwa wakifuga humo visamaki vidogo vya kula mabuu ya mbu. Chini ya birika huzikwa bakuli la kaure, mdomo juu, ili maji yakipungua au likioshwa samaki wapate pa kubaki. Letu lilikuwa na bakuli la rangi ya samawati. Mwaka 2012 lilivunjwa birika lilipopigwa simiti, na hakuna aliyeniambia. Nililikuta vipande kwenye kifusi cha nyuma. Nimelitia bakuli jingine la dukani. Samaki hawaulizi.

Mawe tuliyatoa Manda, kwenye machimbo ya Maweni, yakavuka kwa dau na kupanda kichochoroni kwa punda, mawe manne manne. Ni mawe ya nchi kavu, yamechimbwa ardhini. Matumbawe mabichi ya baharini, yale laini yanayochongeka kabla hayajakauka, fundi alisema tutayaokota kwenye kifusi chetu, na aliyatenga moja moja. Chokaa ilitokana na mawe yale yale. Sikuwahi kuona tanuri la chokaa likiwashwa hadi siku hiyo: magogo yamepangwa kwa duara kama keki, mawe yamerundikwa juu, moto unatiwa katikati, unawaka usiku kucha hadi mawe yageuke meupe na mepesi mkononi. Ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe. Kisha unayaacha yakae. Nilitaka tuanze kujenga wiki ileile. Mzee akaniambia nirudi Mombasa nikafanye kazi yangu, chokaa ataniita. Ilikaa miezi mitatu.

Baadaye nilielewa kuwa subira hiyo iko kila mahali katika kazi hii. Simiti ukiichanganya ina haraka, kesho imeshika. Chokaa hukauka ikivuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, na ukuta mnene huchukua miezi mingi kufika katikati. Hasara yake ni kwamba huwezi kuharakisha. Faida yake ni kwamba nyumba ikijongea kidogo, na nyumba zote za Shela hujongea kwa kuwa zimekaa juu ya mchanga, chokaa hujongea nayo. Ule ufa wa kwanza karibu na choo huenda ulikuwa pale tangu kabla ya mama kuzaliwa. Ulikuwa unafunguka kaskazi na kufunga masika, ukizibwa kijiko cha chokaa na mtu ambaye hakuona kuwa ni habari ya kusimulia.

Boriti tulizinunua kwa korija, yaani ishirini ishirini, na nilijifunza msamiati wa mti mmoja: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kutoka wembamba wa kidole hadi unene wa paja. Ukataji wake siku hizi ni kwa kibali, na kuuza nje ya nchi kulipigwa marufuku tangu 1982, jambo linaloniridhisha nikikumbuka kwamba dari yangu moja ilimeza korija mbili. Mzee alinunua chache kuliko nilivyotegemea. Zile za zamani zilizooza ncha tu alizikata, akazihamishia tekani, ambako ni pafupi. Ncha mpya alizipaka chokaa kabla ya kuziingiza ukutani, na hakuzibana. Aliziachia nafasi ya hewa ya upana wa kidole.

Kupiga sakafu tulifanya wenyewe. Watoto, shemeji, majirani, kila mmoja na kipande chake cha mti, tukipondaponda chokaa na kokoto kwa siku tatu, kwa sababu ikiachwa peke yake hupasuka inapokauka. Mikono yangu ilivimba. Ndugu yangu mkubwa, mwenye hesabu zake, alikuja siku ya pili akapiga saa moja, akaketi dakani akaanza kujumlisha kwenye simu. Gharama ya ukarabati ilikuwa imepita makuti ya miaka thelathini. Alinionyesha namba bila kusema neno. Nami sikusema.

Makuti yakarudi. Hapa nilikuwa na kiburi kidogo, nikidhani makuti ni makuti. Kumbe lile la kumba, linalosukwa zima zima, ni la ua na vibanda. La kuezekea nyumba ni la viungo, ambalo majani hutolewa moja moja, hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa. Paa lisimamishwe wima kiasi kwamba mtu hawezi kulipanda bila kushika kamba. Likilala, maji hukaa, na makuti yakilowa na kukaa huoza kwa miaka miwili. Juu ya makombamoyo, miti mikubwa ya paa, hufungwa fito, na juu ya fito makuti, kuti juu ya kuti. Siri nzima iko kwenye nafasi kati ya kuti na kuti. Mwezekaji alipima kwa mkono: nyanda nne, yaani upana wa vidole vinne. Akikupimia nyanda sita paa litaonekana lile lile siku ya malipo, utaokoa theluthi ya makuti, na utamwita tena mapema. Nilikaa chini siku nzima nikihesabu vidole vya watu.

Jambo moja tulishindana na fundi na sikukubali. Zamani jiko lilikuwa juu, chini ya makuti, na moshi ulipanda kila siku ukayafanya makuti kuwa meusi na machungu kwa wadudu. Ndiyo maana yalidumu. Tangu bibi ahamishie upishi chini kwenye gesi, muda wa makuti ulipungua, ila hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mzee alitaka jiko lirudi juu. Mimi nikafikiria nyumba zilivyobanana, paa la makuti kwa paa la makuti, kichochoro cha kupita punda mmoja, na maji ya kuvuta kwa ndoo. Nilikataa. Nyaya za taa nazo tulizipitisha chini ya sakafu, haupandi hata mmoja kwenye fito. Makuti yangu yatakufa mapema, nami nimekubali. Mzee alisema sawa, ila alinitazama kama mtu anayenunua ng'ombe na kukataa maziwa.

Bi mkubwa jirani alikuwa amefariki kabla hatujamaliza. Nilitamani aione.

Tumebadilisha makuti mara moja tangu hapo. Vyumbani tunalala bila feni, na jioni tunakaa chini ya makuti tukiitazama Manda, mahali pale pale ndugu yangu alipotaka tukae. Ufa wa karibu na choo umerudi, mwembamba, mrefu kama mkono. Unga mweupe pia umerudi, kimo cha goti. Nikifika Shela, kabla sijafungua mkoba, nachukua ufagio nafagia chini ya ukuta wa kiwanda. Unajaa kibao cha takataka, wakati mwingine na nusu. Kwenye pipa lililo chini ya ngazi nimeweka chokaa, imefunikwa maji kidogo isikauke. Mwezi uliopita mpwa wangu, mwenye miaka tisa, aliniona nachota kijiko akaniuliza, “Mjomba, si ulitengeneza huu mwaka jana?” Nikampa kijiko kingine, nikamwonyesha pa kuanzia.